Faili Lako: Mfuko wa ndani, amiba ya kwenye makaratasi na namba iliyokosewa mara tatu

Wapendwa wasomaji, safari hii nimejibu barua nne tu kwa sababu ya kwanza imenishika sana na nimeipa nafasi kubwa. Ni mambo ya namba za magonjwa, zile herufi na tarakimu zinazojazwa kwenye fomu ya bima na kwenye kompyuta ya hospitali. Watu wengi wanadhani ni mambo ya ofisini tu hayawahusu. Yanawahusu sana.

SWALI: Shikamoo dada. Nakaa Sakina hapa Arusha, naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Alikuwa na vidonda vya utumbo mpana miaka mingi, damu chooni, kukonda, kuongezewa damu kila mara, mwisho ukoo mzima tukachangishana akaenda India wakamtoa utumbo mpana wote wakamtengenezea mfuko kwa ndani. Akarudi akanenepa akaanza kazi tena tukamshukuru Mungu. Sasa tangu mwaka jana kuhara kumerudi, mara 14 mara 15 kwa siku, usiku anaamka mara nne, tumbo linakata na homa za jioni. Tumeenda hospitali mara tatu, kila mara anaambiwa ni amiba anapewa Flagyl siku tano, anapata nafuu kabisa, wiki mbili tatu inarudi upya. Juzi daktari mwingine kasema apigwe kipimo cha kamera, bima wamekataa, karatasi inasema ugonjwa uliojazwa haulingani na huduma iliyoombwa. Nikaangalia fomu nikaona A06.9. Dada, A06.9 ni nini na nani kaiandika? Mwezi uliopita tulikuwa tunaenda Moshi kumuona mama, tulisimamisha gari Usa River, tukasimamisha tena Kikatiti, Boma Ng'ombe hakuwahi. Mtu mzima kabisa, akalia ndani ya gari mbele ya watoto wangu. — Dada mtu, Sakina

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mpe pole na yeye. Hapo Boma Ng'ombe nimepasoma mara mbili.

Nianze na ulichouliza. A06.9 ni amiba, yaani amiba ambayo haijafafanuliwa iko wapi mwilini wala ni ya aina gani. Aliyeiandika ni koda au karani wa pale hospitali lakini yeye hakuitoa kichwani kwake, daktari aliandika amiba kwenye faili na karani akageuza neno kuwa namba, ndo kazi yake na ndo kazi niliyofanya mimi kwa miaka 18 kwenye chumba cha mafaili. Namba zenyewe zinatoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani inayoitwa ICD-10, iliyopitishwa mwaka 1990, na kila ugonjwa una mahali unapokaa humo, wenyewe au pamoja na wenzake. Herufi A na B ni magonjwa ya kuambukiza. Herufi K ni tumbo na viungo vyake. Kwa hiyo mdogo wako kakaa kiti cha A mara tatu wakati kila dalili uliyoniandikia inaniambia mtu aangalie kwenye K.

Sasa ngoja nieleze huo mfuko maana hapa ndo penye shida yote na naona hata baadhi ya wahudumu wetu hawajawahi kukutana nao. Kuna ugonjwa unaitwa alserativu kolaitisi, vidonda vya utumbo mpana, unakaa kwenye utumbo mpana na rektamu tu, yaani ule mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja, dawa zikishindwa wanaukata utumbo mpana wote unatoka. Zamani ukitolewa hivo ulikuwa unaishi na tundu tumboni na mfuko wa plastiki maisha yako yote. Mwaka 1978 madaktari wawili wa hospitali ya St Mark's kule London, Alan Parks na John Nicholls, wakaonyesha kwamba unaweza kuchukua ule mwisho wa utumbo mwembamba, ukaukunja, ukaushona uwe kama kifuko, afu ukauunganisha moja kwa moja na njia ya haja. Miaka miwili baadae Utsunomiya wa Japani akaleta ule wa kukunja mara moja tu, ukiuangalia unafanana na herufi J, na ndo unaofanywa sana mpaka leo. Mgonjwa anaenda choo kwa njia ya kawaida. Sio mara moja kwa siku kama mimi na wewe, wengi wanaenda mara nne mpaka mara nane, ila bila damu na bila kukimbizana.

Huo mfuko wenyewe unaweza kuvimba kwa ndani, ukawa mwekundu na ukatoa vidonda, na hali hiyo ndo inaitwa pauchaitisi. Inatokea sana, kwa waliofanyiwa kwa sababu ya alserativu kolaitisi karibu nusu yao wataipata angalau mara moja. Kuhara kunaongezeka juu ya kawaida yake, haja inabana ghafla huwezi kusubiri, tumbo linakata, homa, wakati mwingine damu kidogo. Soma tena barua yako.

Na sasa Flagyl. Hapa nataka unisikilize kwa makini kwa sababu ndo mtego uliomnasa mdogo wako mwaka mzima. Flagyl ni metronidazoli, hapa kwetu kila mtu anajua ni dawa ya amiba, na ni kweli. Lakini metronidazoli hiyohiyo ndo mojawapo ya dawa za kwanza za pauchaitisi, hiyo na siprofloksasini, ila kwa pauchaitisi inatolewa kwa kawaida kama wiki mbili sio siku tano. Umeona kilichotokea? Anapewa dawa ya amiba, anapata nafuu, daktari anasema si unaona ilikuwa amiba, karani anajaza A06.9, siku tano zinaisha kabla mfuko haujapona vizuri, wiki ya tatu yuko chooni tena, na safari hii faili lina ushahidi kabisa kwamba huyu ni mtu wa amiba. Nafuu yenyewe ndo ilificha ugonjwa. Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni moja, choo kilipimwa wakaiona hiyo amiba kwa darubini? Kama majibu ya maabara yapo kwenye faili yatafute. Kama hayapo hiyo amiba iko kwenye makaratasi tu.

Bima nao, sitaki kuwatetea ila nakuambia wanavyofanya kazi. Mtu anayepitisha klemu, yaani madai ya malipo, hamuoni mdogo wako, anaona namba na anaona huduma iliyoombwa. Amiba inapimwa kwa choo na inatibiwa kwa vidonge, sasa mbona mnataka kamera? Anakataa. Kwa namba aliyopewa amekataa sawasawa.

Na kamera anaihitaji kweli, hilo nalisema bila kusita. Mwaka 1994 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walitengeneza kipimo cha alama cha pauchaitisi ambacho bado kinatumika, jumla alama 18, sita za dalili anazosema mgonjwa, sita za kinachoonekana kwa kamera, sita za kinyama kinachokatwa na kuangaliwa maabara. Ili ihesabike pauchaitisi lazima ufike 7. Sasa piga hesabu mwenyewe, mgonjwa hata awe na dalili zote za dunia hii mwisho wake ni sita, yaani kwa maneno ya mgonjwa peke yake huwezi kufika. Mwambie daktari aliyeomba kamera aiweke hoja hiyo kwenye barua ya kuomba kibali.

Cha kufanya. Usiende kwa karani ukamwambie badilisha namba, na akikubali kubadilisha bila daktari mkimbie huyo karani, atakuletea kesi. Namba inafuata mwandiko wa daktari, kwa hiyo nenda kwa daktari. Nenda na karatasi za India, hasa ile ripoti ya upasuaji na ile samari ya siku aliyoruhusiwa, toa kopi tatu, moja ibaki kwenye faili kabisa isirudi nyumbani. Maana nina uhakika karibu wote wale walioandika amiba hawakujua kama huyu kijana hana utumbo mpana, kovu limejificha chini ya shati na yeye mwenyewe akiulizwa una tatizo gani anasema naharisha. Amwambie daktari maneno haya, mimi sina utumbo mpana, nina mfuko wa ndani, kabla nilikuwa naenda mara sita sasa naenda mara 15. Hiyo ya kabla ni muhimu sana kwa sababu mara nane kwa mtu mwenye mfuko ni siku ya kawaida, daktari asipojua ilikuwa ngapi hawezi kujua imeongezeka ngapi.

Afu daktari akikubaliana, aandike neno lenyewe kwenye faili kwa Kiingereza, p-o-u-c-h-i-t-i-s, na kama bado hana uhakika aandike kwamba anaishuku na ndo maana anaomba kamera. Asiandike kuhara. Asiandike kolaitisi. Hilo la pili nalisisitiza maana nimeliona, mtu anakumbuka ugonjwa wa zamani anajaza K51, ambayo ni alserativu kolaitisi, bima wanauliza kolaitisi ya utumbo mpana upi wakati huyu alishatolewa wote? Wanakataa tena. Kwenye orodha ya WHO pauchaitisi haina kiti chake peke yake, inaingia K91.8, kundi la matatizo mengine ya tumbo yanayokuja baada ya upasuaji. Wamarekani orodha yao wameipasua zaidi na humo ina namba yake kamili K91.850. Muulize koda wa hospitali mfumo wao umepakiwa orodha ipi, kama ni ya WHO basi K91.8 na yale maneno ya daktari yaonekane pembeni, kwa sababu K91.8 ina wengi ndani yake na ni maneno tu yatakayosema ni nani. Pia kuna Z90.4, inayosema mtu huyu alishatolewa sehemu ya tumbo. Waiweke. Hiyo ndo itakayomzuia daktari wa kesho asiandike amiba.

Nikuambie kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Hospitali siitaji. Jioni moja, faili la rangi ya kaki, jalada limechakaa kwenye pembe mpaka limekuwa kama kitambaa, kwa kalamu ya bluu daktari kaandika maneno matatu, kuhara, baada ya upasuaji, na alama ya kuuliza. Mwenzangu akataka aweke A09 tuende nyumbani, ni kuhara si kuhara. Nikafungua nyuma nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, ya hospitali ya nje, nikaona neno la Kiingereza ileo-anal, yaani utumbo mwembamba umeunganishwa na njia ya haja. Nikatembea na faili mpaka wodini nikamkuta daktari anavua koti, nikamuuliza dokta huyu ana mfuko? Akalisoma lile karatasi amesimama, akakaa chini, akavaa koti tena. Nilikuwa karani tu, sijasomea udaktari, ila lile faili lilipita mkononi kwangu na mimi ndo niliyelifungua nyuma.

Mwisho kabisa kwa huyu kijana, asinunue Flagyl tena dukani mwenyewe kabla ya kipimo, anaharibu ushahidi na anajipa nafuu ya uongo. Wakimpa tena kwa utaratibu, watu wa kwetu huwa wanaambiwa wasiiguse pombe wakiwa kwenye dawa hiyo, na mbege ni pombe, huko Moshi kwa mama mtamwekea soda. Maumivu ya mgongo au ya kichwa asikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni, dawa za kundi hilo zinaweza kuuchokoza mfuko, aulize kwanza. Na daktari apime choo cha maambukizi mengine pia, kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile anayewapata sana watu waliotumia antibayotiki mara kwa mara, naye anaweza kuingia kwenye mfuko na dalili zikafanana kabisa. Huyo ana namba yake, A04.7, na matibabu yake.

Niandikie bima wakijibu.

SWALI: Habari dada. Mimi ni kijana niko Kiboriloni Moshi, nafanya kazi ya kukodi mafaili ya wagonjwa wa Marekani, yaani kuyawekea namba za magonjwa, kupitia intaneti, nina miezi saba tu. Nilipata faili daktari kaandika pauchaitisi kali, historia ya alserativu kolaitisi, alishafanyiwa upasuaji wa mfuko wa J. Nikaweka K91.850 na K51.90. Mkaguzi akaifuta K51.90 akanikata alama bila kunieleza. Faili lingine daktari kaandika inawezekana ni pauchaitisi nikaweka K91.850 nalo nikakatwa. Nimechanganyikiwa kabisa, mshahara wangu unategemea hizo alama. — Koda mchanga

JIBU: Mdogo wangu hongera kwa kazi, na usikate tamaa, hayo makosa mawili ndo kila mtu anayafanya kwenye mfuko.

La kwanza. Daktari kaandika historia. Kwenye sheria za kukodi za Marekani neno historia ya ugonjwa linamaanisha ugonjwa haupo tena, na hapa ina mantiki kwa sababu kiungo chenyewe kilishaondoka. Kwa hiyo unaweka K91.850 mbele kwa sababu ndo kilichomleta, afu Z87.19 kwa historia ya ugonjwa wa tumbo na Z90.49 kwa kuondolewa sehemu. Ila kama daktari kaandika alserativu kolaitisi kama ugonjwa anaoutibu leo, huna ruhusa ya kuifuta wewe kwa sababu unadhani unajua kuliko yeye, unamrudishia swali kwa maandishi, anajibu, unafuata jibu lake.

La pili ni rahisi zaidi lakini linaumiza wengi. Mgonjwa wa kuja na kuondoka, asiyelazwa, maneno kama inawezekana, huenda, inashukiwa, hayakodiwi kama ugonjwa. Unakodi dalili. Kuhara ni R19.7, haja kubana ghafla ni R15.2, na damu kama ipo angalia daktari kaandika inatoka wapi. Aliyelazwa hospitali sheria ni nyingine, siku ya kuruhusiwa daktari akiandika inawezekana ni pauchaitisi unaikodi kama vile ipo. Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote angalia kwanza faili ni la kulazwa au la kuja na kuondoka. Mi nilikuwa naandika herufi kubwa kwenye kona ya karatasi yangu, L au K, kabla sijasoma hata mstari mmoja.

Na kwa kuwa umenigusa kwenye kitu ninachokipenda nikuongezee. K91.850 haijali kali wala sugu, ni moja kwa zote, usihangaike kutafuta nyingine. Kuna K91.858, hiyo ni ya matatizo mengine ya mfuko ambayo sio pauchaitisi. Utakutana na neno kafaitisi, hapo wanamaanisha ile pindo ndogo ya rektamu iliyobakizwa chini ya mfuko ndo imevimba, sentimita moja mbili hivi, ni jirani wa mfuko lakini sio mfuko, usiipe K91.850 kwa ajili ya ujirani, muulize daktari. Na akiandika ugonjwa wa Crohn wa mfuko, Crohn ni ugonjwa mwingine wa utumbo kuvimba, hiyo inahamia familia ya K50, tena matibabu yake na gharama zake ni tofauti kabisa, hapo ukikosea hujakosea alama tu.

Kuna mtego mmoja wa lugha ambao sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunaingia kirahisi kuliko wenzetu. Sisi vyote tunaita mfuko. Mfuko wa plastiki uliobandikwa tumboni kwa nje ni mfuko, na kifuko cha utumbo kilichoshonwa ndani ni mfuko. Kwenye orodha ni dunia mbili. Ule wa nje na tundu lake, kuwa nalo tu ni Z93.2 kama ni la utumbo mwembamba, na matatizo yake kwa Marekani yako K94. Ule wa ndani matatizo yake ni K91.85 kwenda mbele. Na kuna wagonjwa wanaopita kwenye vyote viwili, kwa sababu upasuaji huu mara nyingi unafanywa kwa awamu mbili au tatu na katikati hapo mtu anaishi na tundu la muda huku mfuko wa ndani unapona. Kwa hiyo soma tarehe. Faili la Machi anaweza kuwa na tundu na faili la Septemba hana, na karani mvivu anakopi Z93.2 kutoka kwenye ziara ya nyuma mwaka mzima, mtu alishafungwa tundu zamani lakini kwenye kompyuta bado linamfuata.

Usikariri, hakikisha. Orodha ya Marekani inabadilika kila tarehe 1 Oktoba na wakati mwingine Aprili. Hata hii pauchaitisi haikuwa na namba yake siku zote, ilipewa ya kwanza Oktoba 2009 kwenye orodha ya zamani, ilikuwa 569.71, afu walipohamia ICD-10 tarehe 1 Oktoba 2015 ndo ikawa K91.850. Kwa hiyo ukiona faili la kabla ya 2009 limekaa kwenye kapu la jumla usimlaumu koda wake, kiti hakikuwepo.

Na kuhusu mkaguzi, una haki ya kumuuliza sababu kwa maandishi. Muulize kwa heshima lakini muulize, hujifunzi kwa kukatwa alama gizani.

SWALI: Mama naomba ushauri. Binti yangu alifanyiwa huo upasuaji wa mfuko nje ya nchi, sasa kapata uvimbe wa mfuko, kwenye karatasi yake nimeona K91 nikatafuta kwenye simu nikakuta inasema matatizo baada ya upasuaji. Ina maana walimharibu? Baba yake hapa Moshi anasema tutafute wakili. Mimi sina amani silali. — Mama wa binti, Pasua, Moshi

JIBU: Mama yangu pole, na lala. Namba haijasema hivo.

K91 inasema tu kwamba hili jambo limekuja kwa mtu aliyepitia upasuaji na linahusiana nao. Haisemi nani alikosea, haina hata sehemu ya kusema hivo. Ndivyo orodha ilivyopangwa, mtu ambaye hakushonewa mfuko hawezi kupata uvimbe wa mfuko, kwa hiyo ugonjwa wameuweka chini ya upasuaji. Nimeeleza kwa dada wa Sakina hapo juu kwamba karibu nusu ya waliofanyiwa kwa sababu ya alserativu kolaitisi wanaupata angalau mara moja, na hao wamefanyiwa na mabingwa wa kila nchi, London, Japani, popote. Wale wanaofanyiwa kwa sababu ya ule ugonjwa wa ukoo wa vinyama vingi kwenye utumbo wanaupata kwa uchache sana, na ni upasuaji uleule na mikono ileile, kwa hiyo inaonekana tatizo linatokana zaidi na mwili wa mgonjwa na bakteria waliomo kwenye mfuko kuliko uzi na sindano.

Mshono kuvuja, njia kuziba, hayo ni mambo mengine na daktari atayaandika kwa majina yake. Mwambie baba aweke kwanza hela ya wakili kwenye kipimo na dawa. Binti akipata matibabu yake sawasawa wengi wanatulia ndani ya siku chache. Na wale ambao inawarudia rudia, siku hizi kuna dawa ya sindano, vedolizumabu, Ulaya waliipitisha kwa ajili ya pauchaitisi sugu mwaka 2022, ni ghali na sio ya kuanza nayo, lakini ipo.

Na mama, binti mwenyewe ameshaelezwa hiyo namba ina maana gani? Umeniandikia wewe, baba kasema la wakili, yeye sijamsikia. Mkalishe umsomee hapa.

SWALI: Dada mimi ni nesi kwenye zahanati wilaya ya Hai. Akija mtu kama hao kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha kuandikisha wagonjwa wa nje, namwandika wapi? Hakuna mstari wa mfuko. — Nesi

JIBU: Hakuna kweli na usimtafutie. Usimweke kwenye kuhara, ukimweka huko anakwenda kuhesabiwa pamoja na watoto wa maji machafu na wilaya inaweza kuleta dawa ya kusafisha maji kwa ajili ya mtu mwenye mfuko. Mwandike magonjwa mengine, na kwenye sehemu ya maelezo andika kwa mkono wako, hana utumbo mpana, ana mfuko wa ndani, amepewa rufaa. Kwenye karatasi ya rufaa rudia maneno hayohayo mstari wa kwanza kabisa, kabla ya presha na kabla ya uzito, kwa sababu huko anakokwenda daktari ana foleni ndefu na atasoma mstari wa kwanza. Kama amepungukiwa maji mpe ORS wakati anasubiri gari, watu hawa maji yanawaisha haraka kuliko wewe na mimi, ule utumbo mpana uliokuwa unayanyonya haupo. Na muonyeshe choo kiko wapi kabla hujamuuliza jina.